Taarifa za watazamaji wa televisheni ni deni, si faida ya bure

Mfanyabiashara anayeuza bidhaa chini ya gharama yake hana njia zaidi ya mbili. Ama anaelekea kufilisika, ama kuna kitu kingine anachokiuza ambacho mnunuzi hajakiona. Kampuni za Marekani zilizoleta mashine za kurekodi vipindi vya televisheni, na zile zilizofuata kwa televisheni zenye intaneti, zimeonja yote mawili.

Kampuni ya TiVo ya jimbo la California iliingiza kisanduku chake sokoni mwaka 1999. Badala ya kanda ya video, ndani yake mlikuwa na diski kama ya kompyuta. Mtazamaji aliweza kukisimamisha kipindi kinachorushwa moja kwa moja, akaenda kula, akarudi na kuendelea pale alipoachia. Matangazo ya biashara aliyaruka. Ada ilikuwa dola za Marekani 9.95 kwa mwezi, au dola 199 mara moja kwa maisha yote ya mashine. Ili bei ya dukani isiwatishe wateja, TiVo iliwalipa ruzuku watengenezaji wa kisanduku hicho, Philips akiwa wa kwanza. Septemba mwaka huo huo hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 16 kila moja na kuorodheshwa katika soko la Nasdaq.

Kisanduku hicho kilikuwa na tabia moja ambayo wengi hawakuitilia maanani: kilipiga simu chenyewe. Kwa kawaida usiku, kilitumia laini ya simu ya nyumba kuchukua ratiba ya vipindi vya siku zijazo. Lakini simu huenda na kurudi. Machi 2001, taasisi ya Privacy Foundation ya mjini Denver ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa kisanduku kilikuwa kinapeleka pia kumbukumbu za matumizi: stesheni iliyofunguliwa, kipindi kilichorekodiwa, hata kitufe kilichobonyezwa. Maelezo yaliyofungwa pamoja na mashine yalimfanya mnunuzi aamini kuwa siri zake hazitoki nyumbani.

TiVo ilijibu kwamba kumbukumbu hizo hutenganishwa na jina la mteja zikifika kwenye kompyuta zake, na kwamba asiyetaka angeweza kupiga simu na kujitoa. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, ila halikugusa kiini cha ripoti. Kumbukumbu ziliingia kupitia mawasiliano yale yale yaliyokuwa na namba ya mashine, na kilichozitenga na jina la mwenye nyumba kilikuwa ni nia njema ya kampuni peke yake. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukopesha kwa mdomo anajua thamani ya dhamana ya namna hiyo.

Juni 2003 TiVo ilitangaza kuwa itawauzia watangazaji na stesheni ripoti za jinsi watu wanavyotazama, zikiwa za makundi na bila majina. Miezi minane baadaye umma ukapata somo lake. Februari 2004, katika mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani, vazi la mwanamuziki Janet Jackson lilifunguka mbele ya kamera. Kampuni ikatangaza kwa fahari kwamba tukio hilo limerudiwa na watazamaji kuliko lolote ililowahi kupima. Hakuna jina lililotajwa. Hata hivyo, wateja wengi walishtuka kusikia kwamba kuna mtu aliyehesabu ni mara ngapi wamerudisha picha nyuma. Kitengo cha matangazo kilidhani kinaisifu mashine. Kumbe kilikuwa kinawaeleza wateja kile walichokuwa hawakijui.

Mshindani wa TiVo, ReplayTV, ndiye aliyeonyesha hatari ambayo wawekezaji wangepaswa kuiogopa zaidi. Mashine hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya SonicBlue, ambayo ilishtakiwa na makampuni makubwa ya filamu na televisheni kwa sababu wateja wake waliruka matangazo na kutumiana vipindi. Aprili 2002 hakimu mmoja wa Los Angeles aliiamuru SonicBlue ianze kukusanya kumbukumbu za kile ambacho wateja wake wanatazama, wanachohifadhi na wanachotuma, kisha iwakabidhi walalamikaji. Kampuni ililia kwamba haina kumbukumbu hizo na kwamba ingelazimika kuandika programu mpya ili kuzipata. Mwishoni mwa Mei, jaji wa ngazi ya juu aliifuta amri hiyo.

Wengi waliisoma habari hiyo kama ushindi wa mtazamaji. Mwekezaji makini angeisoma kwa namna nyingine. Mashine yenye uwezo wa kupeleleza ni mzigo wa kisheria hata kama mwenye kampuni hajawahi kuutumia uwezo huo, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kwenda mahakamani kuomba utumike. Machi 2003 SonicBlue iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na biashara ya ReplayTV ikanunuliwa na kampuni ya Kijapani ya D&M. Kampuni inapouzwa, meza na magari huhesabiwa, na orodha ya wateja pia. Ahadi alizopewa mteja huwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwepo wakati zinatolewa.

Visanduku hivyo sasa si bidhaa ya kugombaniwa. Kazi yake imehamia ndani ya televisheni yenyewe, na hapo ndipo hesabu zilipokua. Februari 2017 kampuni ya Vizio, pia ya California, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey. Ilidaiwa kwamba tangu Februari 2014 televisheni zake zipatazo milioni 11 zilikuwa zinachukua nukta chache za picha iliyo kwenye kioo, sekunde kwa sekunde, na kuzilinganisha na hazina ya vipindi na filamu ili kujua kinachotazamwa. Haikujali picha imetoka kwenye antena, king'amuzi au diski ya kukodi. Televisheni zilizokwisha kuuzwa bila uwezo huo zilipelekewa kupitia intaneti. Kisha taarifa zilizopatikana ziliuzwa kwa wengine, nao wakaweza kuziunganisha na umri wa watu wa nyumba hiyo, kipato chao, elimu yao na kama wameoa. Mahali pa kuuzima mtambo huo palipewa jina ambalo lisingemfanya mtu wa kawaida ashuku lolote.

Chukua kalamu ugawanye. Dola milioni 2.2 kwa televisheni milioni 11 ni senti 20 kila moja. Ukiongeza dola milioni 17 ambazo Vizio ilikubali kulipa mwaka 2018 kumaliza kesi ya wateja wenyewe, bado haifiki dola 2. Adhabu ya bei hiyo si adhabu. Ni leseni ya biashara, tena ya bei nafuu.

Linganisha na sheria ya zamani ya nchi hiyo hiyo. Mwaka 1987 gazeti moja la mjini Washington lilichapisha orodha ya filamu alizokodi Jaji Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuingia Mahakama ya Juu. Wabunge, ambao nao walikuwa wakikodi kanda, walitambua haraka kuwa jambo hilo lingeweza kuwapata. Mwaka 1988 wakapitisha sheria inayompa kila ambaye rekodi zake za kukodi video zimetolewa kinyume cha sheria haki ya kudai fidia isiyopungua dola 2,500. Kwa hiyo mwenye duka la kanda aliyeropoka habari za mteja mmoja aliweza kutozwa dola 2,500, na kiwanda kilichochungulia nyumba milioni 11 kikamaliza mambo yake kwa chini ya dola 2 kila nyumba.

Baada ya kesi Vizio iliamriwa kuomba ridhaa iliyo wazi na kufuta sehemu kubwa ya ilichokusanya. Biashara haikufa, ilistawi. Machi 2021 hisa zake ziliingia soko la New York kwa dola 21. Katika robo ya tatu ya mwaka huo, kitengo chake cha matangazo na taarifa kilileta faida ghafi ya dola milioni 57.3, wakati kuuza televisheni kwenyewe kulileta dola milioni 25.6. Yaani ile televisheni imekuwa chambo. Desemba 2024 Walmart, mwenye maduka makubwa, alikamilisha kuinunua Vizio kwa takriban dola bilioni 2.3, na hakuficha kwamba anachokitaka ni biashara ya matangazo. Sasa anayekuuzia sabuni ana njia ya kujua pia tangazo la sabuni uliloliona jana usiku.

Wapo watakaosema hakuna aliyeumizwa: mnunuzi amepata kioo kikubwa kwa bei ndogo, na ridhaa ameitoa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama bei ya pili ingeandikwa. Ridhaa huombwa siku ya kwanza, mashine ikiwa ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi na watoto wanasubiri katuni, kwa maandishi marefu kuliko mkataba wa nyumba. Wenye viwanda wangeweza kuweka lebo mbili dukani, bei ya televisheni inayorekodi mwenendo wa mtazamaji na bei ya isiyorekodi, soko likaamua. Kutofanya hivyo ni ushahidi kwamba wanajua jibu.

Na mwenye hisa mdogo je? Aliyenunua Vizio siku ya kwanza kwa dola 21 alilipwa na Walmart dola 11.50. TiVo nayo iliuzwa mwaka 2016 kwa kampuni ya Rovi kwa dola 10.70 kwa hisa, chini ya zile 16 za mwaka 1999, ingawa Rovi ilikuwa inawinda zaidi hataza zake. Utajiri uliosimuliwa kwenye matangazo ya kuuza hisa haukufika kwa aliyevuna vitunguu akaweka akiba. Kumbukumbu za watazamaji ziliandikwa vichwani mwa watu kama mali. Zilistahili kukaa upande wa madeni, karibu na kesi zinazoweza kuja.

Televisheni za aina hii zimejaa Kariakoo na Nairobi, na wanaoziuza huulizwa maswali ya inchi na ya dhamana tu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume ya kuisimamia. Mwagizaji anayesaini mkataba wa uwakala leo anaweza kumuuliza mwenye kiwanda kwa maandishi ni taarifa gani zinatoka katika nyumba za wateja wake, zinapelekwa nchi gani, na nani atajibu zikivuja. Asipojibiwa, punguzo la bei alilopewa kwenye kontena linahitaji kuhesabiwa upya.