HAPANA YAKO IWE HAPANA

Neno la leo linahusu hiyo simu uliyoshika mkononi.

Juzi baada ya ibada mama mmoja alinijia kwa huzuni. "Pastor, jana nilinunua bando la wiki. Leo asubuhi limeisha, na sijatazama hata video moja." Tukaketi, tukafungua simu. Kumbe usiku kucha ilikuwa ikipandisha picha zake zote mtandaoni. Nikamuuliza, "Mama, ulikubali jambo hili?" Akajibu, "Iliniuliza kila siku. Nikachoka. Nikabonyeza Kubali ili iniache niongee na mtoto wangu."

Mpendwa, hayuko peke yake. Hata wenye kompyuta wanajua. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, toleo lake la nyumbani ukiliwasha mara ya kwanza linadai intaneti na akaunti ya Microsoft, hata kama unataka tu kuandika barua ibaki kwako. Baadaye inakuja skrini ya kukushawishi uweke faili zako OneDrive. GB 5 ni za bure. Zikijaa, unaombwa ulipe. Usipotaka, mara nyingi kitufe kinachobaki ni cha kukukumbusha baada ya siku 3. Cha kusema "Hapana, usiniulize tena" hukioni.

Soma Waamuzi 16. Delila hakumshinda Samsoni kwa upanga. Alimuuliza, akamuuliza tena, siku baada ya siku, mpaka roho yake ikachoka. Mtu aliyerarua simba alishindwa na swali lililorudiwa. Sisi wa Rapsu tunaolima kwa maji ya mfereji tunaelewa: tundu dogo kwenye ukingo likiachwa usiku mmoja, asubuhi shamba lako ni kavu.

Sasa soma Nehemia 6. Sanbalati na Geshemu walimwita mara nne washuke wakakutane bondeni Ono. Mara nne akawapa jibu lile lile. Hakutukana, hakuchoka, aliendelea kujenga ukuta.

Utaniuliza, "Pastor, na yule mjane wa Luka 18 aliyemsumbua kadhi?" Mjane yule alidai haki yake mwenyewe. Hawa wanadai kilicho chako.

Hata sheria ya nchi iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema ridhaa lazima itolewe kwa hiari, na una haki ya kuiondoa wakati wowote. Ndiyo ya mtu aliyechoshwa si hiari. Hiyo ni kusalimu amri.

Lakini nisiinyoshee kidole kompyuta nikajisahau. Nimejichunguza mbele za Mungu. Ni mara ngapi mgeni amekuja ibadani mara moja tu, nasi tukachukua namba yake na kumtia kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza? Ni mara ngapi tumerudia kuomba sadaka ya ujenzi mpaka mtu akatoa ili tu tunyamaze? Kanisa, hapo na sisi tumekuwa Delila. Nisameheni. Kuanzia Jumapili hii, anayesema hapana tutamshukuru, basi. Yesu mwenyewe husimama mlangoni na kubisha. Havunji kitasa.

Wiki hii fanya hivi. Kwanza, fungua programu ya picha kwenye simu yako, tafuta sehemu ya kuhifadhi nakala, uizime, au uizuie isitumie data ya simu. Kama unaihitaji, iache, lakini uwe umechagua wewe. Pili, skrini ikikuuliza jambo, usibonyeze kwa haraka ya kuiondoa. Soma. Tatu, wasaidie wazee na mama zetu wasioelewa maneno yaliyoandikwa pale.

Bwana akupe moyo wa Nehemia, usichoke kusema hapana kwa upole. Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie mtu mmoja anayelia kila wiki kwamba bando limeisha.

Ubarikiwe.
Mchungaji wako, Rapsu