Wabera: Ugomvi si wa unga, ni wa orodha

Mapema mwaka 2012 nilikwenda Isiolo kumjulia hali shangazi yangu. Aliolewa huko tangu miaka ya themanini, akafiwa na mume, na hakutaka kurudi Pwani. Anakaa Wabera, katikati ya mji. Nyumba yake ya vyumba vitatu niliikuta na watu kumi na wanne. Wanane kati yao hawakuwa wa nyumba ile. Walikuwa jamaa za marehemu mumewe, waliokimbia mapigano ya pembezoni mwa mji yaliyoanza mwishoni mwa 2011. Waliingia usiku na mkeka na sufuria moja. Kabila lao sitalitaja, kwa sababu nikilitaja tu, msomaji wa Isiolo ataacha kusoma na kuanza kuhesabu ni nani aliyemchomea nani.

Siku ya tatu walikuja vijana wa shirika moja, wamevaa vizibao, wana karatasi na kalamu. Wakauliza waliohama makwao wako wapi. Shangazi akawaonyesha chumba cha nyuma. Yule kijana mkubwa akatazama, akatikisa kichwa. "Hawa wako kwa jamaa yao, mama. Sisi tunaandika walioko kambini."

Kambi yenyewe ilikuwa uwanja mmoja uliojaa maturubai. Juma lililofuata jirani yake mmoja, aliyekuwa naye amepokea wageni, alianza kuwapeleka wageni wake uwanjani asubuhi wakae chini ya turubai wahesabiwe, na magharibi akiwarudisha nyumbani walale. Shangazi nilipomwuliza kwa nini naye hafanyi hivyo, aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, mgeni wangu nimtoe kitandani nikamweke juani, ili nionekane nina shida?"

Wale wanane walikaa miezi saba. Hawakuandikwa.

Nimerudi Isiolo mara kadhaa tangu wakati huo, na kila nikikaa kibarazani na watu wa Wabera, mazungumzo yakigusa mashirika ya misaada, nasikia malalamiko yale yale. Hapa Pwani tuna mazoea ya kuyasikia malalamiko kama hayo na kusema kwamba watu hawana shukrani, au wamezoea vya bure. Mimi nadhani tunakosea. Watu wa Wabera hawagombani na msaada, wala hawagombani sana na wingi au uchache wake. Wanagombana na orodha: nani ameandikwa, ameandikwa na nani, na nani amepewa haki ya kuuliza.

Kwanza tuelewe ni mahali gani tunapozungumzia. Wadi ya Wabera, katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, ina jina la Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Aliuawa kwa risasi Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya uhuru. Baada ya hapo vikaja vita vya Shifta. Serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vijiji vya kulindwa, kama vile Garba Tulla na Merti, na mtu hakuruhusiwa kutoka bila idhini. Mifugo ilikufa na mingine ikauawa. Wazee wa Kiborana huuita wakati huo kwa neno lenye maana ya kusimama, kwamba maisha yalisimama. Vita vilipokwisha 1967, familia nyingi zilizokuwa na ngamia na ng'ombe zilijikuta hazina kitu, zikangojea chakula cha serikali na cha wamishonari.

Kwa hiyo mzee wa Isiolo anapoona mtu mwenye karatasi akiandika majina na kuwataka watu wakae mahali pamoja, hakumbuki unga peke yake. Anakumbuka pia uzio. Mfanyakazi wa shirika, mara nyingi kijana aliyezaliwa baada ya hapo, hana habari kwamba kalamu yake ina historia.

Sasa tuyachambue malalamiko yenyewe.

La kwanza ni hilo la turubai. Anayeonekana ndiye anayesaidiwa, na kambi huonekana kuliko chumba cha nyuma. Hili si la Isiolo pekee. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, hesabu ya serikali ilikuwa watu zaidi ya 660,000 waliofurushwa makwao. Takriban 350,000 walikuwa kambini. Wengine zaidi ya 300,000, karibu nusu ya wote, walikuwa wamejibana kwa ndugu, jamaa na marafiki, au wamepanga vyumba mijini. Serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani Mei 2008, na kutoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, hao waliojibana kwa jamaa ndio walioachwa nyuma, na wengi walidai haki yao kwa miaka mingi. Ukarimu wa ndugu uligeuka kuwa ushahidi dhidi yao: kama umepata pa kulala, basi huna shida.

La pili ni anayeandika. Shirika likifika mji usioujua hutafuta chifu, wazee wa mtaa, au kijana wa mahali hapo anayejua Kiingereza. Ni jambo la busara, kwa kuwa mgeni hawezi kujua nyumba ipi ina nani. Lakini katika mji wenye Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu, ambao wamepigania malisho, ardhi na viti vya siasa, hakuna mwandishi asiye na jamaa. Hata akiandika kwa haki, upande wa pili utasema ameandika watu wake. Na mara nyingine huwa ni kweli.

La tatu ni ajira na biashara. Shirika linapoingia mjini hupanga nyumba, hukodi magari, huajiri madereva, walinzi na makarani, na hununua maharagwe na mafuta kwa wenye maghala. Aliyekimbia anapewa gunia, aliye na jengo anapewa kodi ya mwaka. Watu wa Wabera wanaona yote mawili. Mwanamke mmoja muuza maziwa aliniambia kwamba vita vikizuka, wao hupoteza ng'ombe na wengine hupata wapangaji. Hakuwa anatania.

La nne ni kuondoka. Mradi huja na sherehe, bango na picha. Ukiisha, siku moja ofisi inakuwa imefungwa na bango limebaki. Hakuna baraza la kuwaambia watu kilichotumika ni kiasi gani na kilichobaki kimekwenda wapi.

Ni haki kuyasikiliza na mashirika. Nimezungumza na baadhi ya wafanyakazi wao, na si watu wabaya. Wanasema mfadhili hutoa fedha kwa kundi lililotajwa kwenye mkataba, na fungu likiandikwa "walioko kambini" hawawezi kulipeleka chumba cha nyuma. Wanasema wakiandika kila nyumba inayodai ina wageni, mji mzima utakuwa na wageni. Wanasema pia kuna nyakati ambapo kutangaza majina hadharani katikati ya mapigano kunaweza kumwonyesha adui mahali mtu alipojificha. Hilo la mwisho ni zito na halipaswi kupuuzwa. Ndiyo maana sisemi majina yabandikwe ukutani siku ya kwanza. Nasema vigezo vibandikwe. Mtu akijua ni kwa nini jirani yake ameandikwa na yeye hakuandikwa, anaweza kukasirika, lakini hana sababu ya kubuni njama.

Hayo si mageni kwa mashirika yenyewe. Tangu 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yana kanuni za mwenendo zinazosema msaada utolewe kwa kipimo cha shida peke yake, bila kutazama kabila wala dini, na kwamba watoaji wawajibike kwa wanaosaidiwa kama wanavyowajibika kwa wafadhili. Nusu ya pili ndiyo ambayo Wabera haijaiona. Mfadhili hupata ripoti kila robo mwaka, na shangazi yangu hapati hata jibu.

Msomaji wa Pwani anaweza kuuliza, ya Isiolo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka huo huo wa 2012, mwezi Machi, mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na ramani yake inaiunganisha bandari yetu na Isiolo kwa barabara na reli. Mwezi Agosti mwaka huo huo kijiji cha Riketa, Tana Delta, kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, na mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yakaendelea hadi Januari 2013. Maelfu walihama. Wapo waliokaa kambini, na wapo waliopokelewa na jamaa. Juni 2014 ikaja zamu ya Mpeketoni. Katika miaka ya karibuni familia za vijiji vya Lamu Magharibi zimelala kwenye madarasa ya shule kwa kuogopa wavamizi wa usiku. Kote huko maswali ni yale yale ya Wabera. Uliza Witu, uliza Garsen, utaambiwa nani aliandikwa mara mbili na nani hakuandikwa hata mara moja.

Na jambo la kushangaza ni kwamba sheria tunayo. Bunge lilipitisha sheria namba 56 ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani. Inasema jukumu la kwanza ni la serikali, si la shirika la kigeni. Na jina lake rasmi halisemi wakimbizi wa ndani peke yao. Linasema wakimbizi wa ndani na jamii zilizoathirika. Katika jamii hizo wamo wenyeji waliowapokea waliokimbia. Kwa maneno mengine, chumba cha nyuma cha shangazi kimo ndani ya sheria ya Kenya tangu mwaka ule ule aliokataliwa. Kisichokuwemo ni ndani ya fomu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inadhani kwamba mwenyeji ana shamba na jembe. Inapokuwa mwenyeji mwenyewe ni mjane anayeuza chapati, na mgeni amekaa miezi saba, gharama ya ukarimu inamla mwenyeji kimyakimya. Hapo ndipo chuki huanza: kati ya aliyepokea na aliyepokelewa, halafu kati ya aliyepata na aliyekosa, na mwishowe inarudi kuwa chuki ya kabila. Msaada uliokusudiwa kutuliza mji unaweza kuupa sababu mpya ya kupigana.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2025. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa kaskazini mwa Kenya, lilikuwa limefungwa. Tumeona kilichotokea Kakuma pale mgao wa chakula ulipopunguzwa: watu waliandamana. Kapu likipungua, orodha inakuwa fupi, na orodha fupi inahitaji uwazi zaidi kuliko ndefu. Wakati kuna magunia elfu moja, aliyekosa leo husema atapata kesho. Yakiwa mia moja, hana cha kujifariji.

Kuna mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila uandikishaji uanze na baraza la wazi, vigezo vikisomwa kwa Kiswahili na kwa lugha za mtaa, na nyumba zilizopokea wageni ziwe na safu yao kwenye fomu. La pili, wanaoandika wawe wawili wawili kutoka jamii tofauti, na kati yao awepo mwanamke, kwa maana vyumba vya nyuma wanaovijua ni wanawake. La tatu, shirika lisiondoke bila kurudi kwenye baraza lile lile kutoa hesabu. Kaunti ya Isiolo, na kaunti zetu za Lamu na Tana River, zinaweza kuyafanya haya kuwa sharti kwa shirika lolote kabla halijaanza kazi. Hazihitaji kungoja Nairobi, wala Geneva.

Mara ya mwisho nilipokuwa Wabera nilimwuliza shangazi kama bado ana uchungu na vijana wale wa vizibao. Akacheka. Alisema gunia lenyewe lingeliwa likaisha, na angekuwa ameshalisahau. Kilichomkaa moyoni ni kitu kingine.

"Walisimama mlangoni," alisema. "Hawakuingia hata kuwahesabu."