Kuziba Vali ya Moshi Si Dawa

Gari la dizeli likielemewa na mlima kati ya Bukoba na Muleba huku likitoa moshi mweusi, huenda fundi akakata kipande cha bati, akaziba vali irudishayo moshi kwenye njia ya hewa, na kumwambia mwenye gari kuwa ugonjwa umekwisha. Desturi hiyo imeenea katika gereji za nchi nyingi. Ina manufaa kwa dereva, lakini madhara yake huwaangukia wengine.

Vali hiyo, iliyoanza kuenea katika magari ya Marekani miaka ya 1970, ina kazi maalumu. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Joto la ndani ya silinda lipitapo nyuzi 1,500 hivi za sentigredi, gesi hizo huungana kwa wingi na kufanya oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Sehemu ya moshi ikirudishwa, huchukua nafasi ya hewa safi. Oksijeni hupungua, joto hushuka, na sumu hiyo hupungua pia.

Je, nguvu haipotei? Vali nzima hujifunga injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote. Kosa huanza pale masizi yanapoikwamisha ikiwa wazi: moshi huingia wakati usiofaa, na dizeli hukosa oksijeni ya kuiunguza yote. Huko Kagera hasara huzidi, kwani Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko pwani. Injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa huvuta hewa haba tangu mwanzo.

Basi ni kweli kwamba bati hurudisha nguvu. Lakini kuifungua vali na kuisafisha kungeirudisha vilevile, bila kuwaongezea sumu abiria wanaosubiri kituoni na wanafunzi watembeao kando ya barabara.

Fizikia na kemia zinazohusika hapa zimo katika masomo ya sekondari. Yafaa walimu wawapeleke wanafunzi gereji, nao mafundi wakaribishwe darasani, ili kila upande ujifunze kwa mwenzake kabla bati jingine halijakatwa.