Vita vya mawimbi: sikio la kimya kutoka Lubumbashi hadi Kivu

Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya STL, tawi la Gécamines, ilituma Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore shehena ya kwanza ya jemaniamu iliyotolewa kwenye terril, kile kilima cheusi cha masalio ya kiwanda ambacho kila mkaaji wa Lubumbashi anakijua. Wengi waliona humo habari ya biashara tu. Lakini jemaniamu hutengeneza lenzi za kamera zinazoona joto gizani, na kamera hizo ni moja ya macho ya vita vya leo: zinaona bila kutoa alama yoyote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Radari ya kawaida hurusha mawimbi, yakigonga ndege yanarudi. Anayeirusha hujionyesha, kama mtu anayewasha tochi usiku porini. Radari ya kimya hairushi kitu. Inategea mawimbi ya wengine, redio za FM, televisheni, minara ya simu, kisha inalinganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ndege kwanza. Kifaa cha rubani cha kuonya hakiwezi kulia, kwa sababu hakuna kilichomlenga. Mjini Lubumbashi, penye antena nyingi, mtambo kama huo ungepata chakula cha kutosha. Katika misitu ya Walikale ungekaa na njaa.

Kuupinga si rahisi. Mtu anaweza kuzima minara inayoulisha, lakini raia nao wanakosa redio na simu. Anaweza kumwaga kelele hewani, ila hajui mtambo uko upande gani, basi anamwaga kila mahali na kujifichua mwenyewe. Kinachobaki ni kuruka chini nyuma ya vilima, au kutafuta alama nyingine: jenereta, gari lenye antena, mawasiliano kati ya mtambo mmoja na mwingine.

Mashariki mwa nchi, vita vya hewani vimeshafika. Tarehe 7 Februari 2024 kombora lilirushwa dhidi ya droni ya uangalizi ya Umoja wa Mataifa huko Kivu Kaskazini bila kuipata. Hati ya ndani ya Umoja huo, iliyoripotiwa na vyombo vya habari, ilishuku kuwa lilitoka kwenye gari la kivita la jeshi la Rwanda. Kigali imekana mara nyingi kuwasaidia waasi wa M23. Baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya kuvurugwa na kudanganywa kwa GPS katika maeneo yanayoshikwa na M23 na jeshi la Rwanda, jambo lililohatarisha hata ndege za misaada. Januari 2025, Goma ikikaribia kuanguka, mkuu wa MONUSCO Bintou Keita alilieleza Baraza la Usalama tatizo hilohilo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mjadala wa Kinshasa unalipita haraka mno. Mtambo unaovuruga GPS ni lazima upige kelele. Vipokezi viwili au vitatu vilivyotulia mahali tofauti vinaweza kuchora mistari kuelekea kelele hiyo, na mistari inapokutana, ndipo ulipo. Silaha ya kusikiliza ni ya bei ndogo kuliko ndege bila rubani, tena haimwambii adui kwamba imesikia.

Lubumbashi yenyewe iliwahi kuwa shule ya jambo hili, ikiitwa Elisabethville. Septemba 1961 ndege moja tu ya Fouga Magister ya Katanga iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, ambao hawakuwa na ndege ya kivita ya kuijibu. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Wasikilizaji wa ONUC walinasa redio ya Wakatanga na kusoma siri zao. Mwisho wa Desemba 1962 walisikia Jenerali Muke akiamuru uwanja wa Elisabethville upigwe mabomu usiku wa tarehe 29. Siku hiyohiyo ndege za Uswidi zilishambulia uwanja wa Kolwezi-Kengere na kuziharibu ndege za Katanga zikiwa chini. Redio ya waliopigwa ilikuwa na masikio mengine.

Leo madini ya kutengeneza jicho la kimya yanatoka Haut-Katanga yakiwa ghafi, yanasafishwa Ulaya, na kazi ya kuyageuza lenzi inafanyika huko mbali. China, iliyoanza kubana uuzaji wa jemaniamu Agosti 2023 na kuupiga marufuku kwa Marekani Desemba 2024, imeonyesha uzito wake. Bei hiyo inazungumzwa sana. Kusikiliza kunazungumzwa kidogo, ingawa vipande viko nchini tayari: masafa yanagawiwa na ARPTC, viwanja kama Luano vinasimamiwa na RVA, na marubani wanaona kwa macho yao pale GPS inapopotea. Taarifa hizo zikibaki kila moja kwenye ofisi yake, FARDC itaendelea kujua kwamba anga imevurugwa bila kujua nani anaivuruga, na kutoka kilima gani.