Kuvu inayonufaika na makosa yake

WENGI wetu huuona utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga kuwa maradhi hafifu. Lakini kuvu inayousababisha, aina ya hamira iitwayo Candida albicans, ndiyo hiyo hiyo ambayo ikipenya katika damu ya mgonjwa aliyedhoofika huweza kumuua. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiorodhesha miongoni mwa kuvu nne zilizo hatari zaidi kwa binadamu.

Je, hupata wapi wepesi wake wa kubadilika? Sehemu ya jibu imo katika namna inavyosoma maagizo yake ya urithi.

Karibu viumbe vyote, mgomba na binadamu wakiwemo, husoma maagizo hayo kwa herufi tatu tatu, kila kundi likitaja asidi amino moja ya kujengea protini. Kwetu, herufi CUG humaanisha lusini. Kwa Candida albicans humaanisha serini, tena si kila mara: takriban mara tatu kwa kila mia, kuvu hii hutia lusini badala yake. Ikibanwa na joto au asidi, makosa huongezeka. Hivyo jeni moja huzaa protini zisizofanana.

Kiumbe kingine kingeangamia kwa uzembe huo. Mnamo 2013, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Aveiro, Ureno, walieleza jinsi walivyoichokoza kuvu hii hadi ikatia lusini kwa zaidi ya asilimia 90. Haikufa. Ilizaa makundi yenye maumbo tofauti, DNA yake ikabadilika, na baadhi ya makundi yakastahimili dawa.

Hayo yalikuwa ya maabara, na usugu wodini una vyanzo vingine vinavyojulikana vyema. Hata hivyo, tuna aina chache mno za dawa za kuvu kuweza kulipuuza onyo hili. Candida auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009 na ambayo imewahi kupatikana kwa wagonjwa humu nchini, nayo husoma CUG kama serini, na mara nyingi haisikii flukonazoli.

Ndiyo dawa hiyo hiyo ambayo wengi hupewa tena na tena bila sampuli yoyote kupelekwa maabara. Wizara ya Afya ingeanzia hapo: hospitali za kaunti ziwezeshwe kutambua aina ya kuvu kabla mgonjwa hajaandikiwa dozi ya pili.