Ushauri wa Bwana Shamba: Sanduku la Mbegu za Maharage



Mwezi wa saba maharage yamejaa nyumbani. Mwezi wa tisa mvua za vuli zinaanza, nawe unafungua gunia la mbegu. Unakuta nini? Unga na matundu. Panya nao wamekula pembeni. Sasa unakwenda kununua mbegu kwa jirani, kwa bei atakayotaka yeye. Nimeyaona hayo Ngara na Biharamulo. Mwaka mmoja yalinipata hata mimi, bwana shamba mzima!

Leo tutengeneze sanduku la mbao. Tafuta msumeno, randa, nyundo, futi, misumari ya inchi 2½, bawaba 2 na gundi ya mbao. Nunua mbao 3 za futi 12, upana inchi 8, unene inchi 1. Msindano unafaa. Mninga ni mgumu zaidi, lakini hauvunwi bila kibali. Wala usiingie kukata mti Burigi-Chato, ambayo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Usitumie mbao mbichi. Hapo ndipo nilipokosea. Nilinunua mbao zilizopasuliwa juzi, nikapigilia siku ileile. Baada ya miezi miwili zilisinyaa. Ncha ya kidole changu ilipita kati ya ubao na ubao, na panya mtoto hahitaji nafasi kubwa zaidi. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati yake hewa ipite, kisha ungoje miezi mitatu. Mbao za ghala kuukuu zenye matundu ziache. Dumuzi, yule mdudu wa mahindi aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoboa hata mbao.

Ubao wa kwanza kata vipande 4 vya sentimita 85. Hizo ni pande ndefu, vipande viwili kila upande. Ubao wa pili kata 3 vya sentimita 85 vya mfuniko na 2 vya 40. Ubao wa tatu kata 2 vya 80 vya kitako na 2 vya 40. Vile vinne vya 40 ni pande fupi, nazo zikae katikati ya pande ndefu. Kitako kikae ndani. Kipande cha tatu cha mfuniko kipasue nusu kwa urefu. Vibao vya kushikiza pigilia nje, na ncha ya msumari isitokeze ndani. Kabla ya kukaza, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vikilingana, sanduku halikupinda. Nyufa ziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Oili chafu usipake, hiki ni chombo cha chakula.

Sanduku hili huchukua karibu debe 6.

Lakini sanduku huzuia panya tu. Fukusi hawafi humo, maana mayai yao huja na maharage kutoka shambani. Kwa hiyo anika vizuri. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka. Kisha tandaza sandukuni mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS. Mimina maharage, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Fukusi humaliza hewa iliyobaki, wakafa. Usifungue ovyo. Sanduku lenyewe liweke juu ya mawe, shibiri moja kutoka ukutani, ili uwaone mchwa mapema.

Halafu kuna kufuli. Nyumba moja niliyoitembelea, baba alikaa na ufunguo. Mama aliyeyalima maharage alifungua siku ya kupanda, akakuta debe moja tu. Mengine yalikwisha kwenda sokoni. Kufuli nyingi za dukani huja na funguo mbili. Mmoja akae nao mama.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi.