Hatimiliki pekee haitoshi kuuza boma Siongiroi

Anayeuza nyumba yake Siongiroi, katika eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, mara nyingi huuza pia shamba linaloizunguka. Kwa sababu hiyo, mauzo hayo huongozwa na sheria za ardhi ya kilimo, ambazo masharti yake ni mazito kuliko ya ploti ya mjini.

Stakabadhi ya kwanza anayodaiwa muuzaji ni hatimiliki, na hapo ndipo matatizo huanza. Katika familia nyingi hati iliyomo sandukuni ingali na jina la babu aliyefariki zamani. Wanawe waligawana shamba kwa mdomo mbele ya wazee, wakapanda nyua na kila mmoja akajenga kwake. Majirani wanautambua mgao huo, lakini masjala ya ardhi haiutambui. Sheria ya Urithi inataka familia ipewe na mahakama mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, kisha mamlaka hayo yathibitishwe. Kabla ya uthibitisho huo, hata msimamizi halali haruhusiwi kuuza ardhi. Asiye msimamizi akithubutu kuiuza, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Mwenye hati kwa jina lake naye hajamaliza safari. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, iliyoanza kutumika mwaka 1967, inataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali hicho mauzo ni batili, ingawa Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza muda. Karatasi iliyotiwa saini mbele ya chifu, ambayo wanakijiji wengi huithamini mno, ni ushahidi wa makubaliano tu. Haimhamishii mnunuzi hata robo ekari.

Mbele ya bodi, muuzaji kwa kawaida hutakiwa kufika na mkewe na watoto wake waliokomaa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Kwamba kifungu hicho hakikuwataja wake wa ndoa za mitala ni pengo kubwa katika jamii ambamo ndoa hizo zipo.

Aidha, kuna cheti cha upekuzi, nambari ya mlipakodi na ushuru wa faida ya mauzo, uliopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management kuwa hatimiliki haimkingi mwenyewe iwapo ilitolewa kinyume cha sheria. Mnunuzi ana haki basi ya kuuliza hati ilianzia wapi.

Mauzo yakibatilika kwa kukosa kibali, sheria humruhusu mnunuzi kudai fedha zake kama deni, hata kama muuzaji ameshazitumia kulipa karo. Mwaka 2018, katika kesi ya Kitilit dhidi ya Kibet, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba aliyelipa na kukabidhiwa shamba anaweza kulindwa kwa misingi ya haki, kibali kikosekane. Lakini ulinzi huo hupatikana kortini, baada ya mawakili kulipwa.